Mlinzi wa Mto Mitei

"Rudi nyuma! Hapo barafu ni ganda la yai!"

Mama Ogdo aligonga barafu kwa fimbo yake ndefu, akamwonyesha Makaar pa kuvukia. Makaar, kijana ambaye hata mbwa wake walishachoka kumsikiliza, akageuza kulungu waliokokota sleji yake, gari la kuteleza juu ya barafu.

"Mama Ogdo, ungempenda mumeo kama unavyoupenda mto huu, usingekuwa mjane."

"Pita, mdomo wewe! Ukizama, nani atatupigia kelele kambini?"

Kila barafu ilipoanza kulegea, mama huyo alikuwa ukingoni, chini ya misonobari. Iliposhika sawasawa, alibaki hemani, na watu wasipomwona walivuka bila wasiwasi. Tangu mwanawe azame, hakuzama mwingine. Akina mama wa kambi walimwombea maisha marefu.

Mto ule ulibeba jina la mtu wa mwisho kumezwa nao. Zamani uliitwa Basilai. Siku Mitei wa Mama Ogdo alipozama, ukawa Mitei. Na kwa kuwa kwao marehemu hatajwi, ila mto tu ndio unaombebea jina, mama yake Basilai alizeeka bila kulisikia tena jina la mwanawe.

Jioni barafu ililia, kama mtu anayegonga kutoka chini. Wengine waliziba masikio. Mama Ogdo alisogea karibu.

Mwishoni mwa baridi alifika Glebov, mchora ramani wa serikali. Mama Ogdo alimvusha kwa shida, hatua kwa hatua, maji yakichuruzika kwenye nyufa. Akampa chai na nyama kavu.

"Mto huu unaitwaje, mama?"

"Mitei."

Glebov akaandika.

"Na akizama mwingine, utakuja kubadilisha?"

Glebov akacheka. "Ramani ikishachapwa, mama, imechapwa. Hata izame kambi nzima, huu ni Mitei."

Mama Ogdo akaomba aonyeshwe jina lilipoandikwa. Akaligusa kwa kidole, taratibu, kama anayepapasa shavu la mtoto.

Asubuhi yake Makaar alifika mtoni na sleji iliyojaa. Akatazama ukingoni: hakuna mtu.

"Barafu imeshika, jamani!" akapiga kelele kwa furaha, akawachapa kulungu.

Hemani, Mama Ogdo alimsikia vizuri. Akavuta ngozi hadi masikioni, akageukia upande wa pili.