Nguzo ya Chini

Kesi ilipoingia mwaka wa tano, hakimu aliamuru nguzo ya chini ya jengo la Bi Mwanakheri itobolewe ili zege lake lipimwe. Mama huyo alikuwa amekataa kumlipa fundi Shekue akidai kazi ni mbovu, naye Shekue alikuwa ameapa mahakamani kwamba hakupunja saruji hata kidogo.

Mhandisi aliyetumwa na mahakama aliwasha mashine. Vumbi lilipotulia, alichomoa kipande kirefu cha zege, akampa Shekue akishike. Kilimomonyoka mikononi mwake.

Shekue alikitazama, kisha akamgeukia mwenye jengo. "Mama, siku ile nilikupigia simu nikakwambia saruji imekwisha."

"Nami nikakwambia usubiri, fundi."

"Vibarua walikuwa wamesimama, na mvua ilikuwa inakuja. Nikaona nijaze nguzo hivyo hivyo."

Alikuwa hajawahi kulitamka hilo mbele ya mtu yeyote, hata mkewe.

Bi Mwanakheri hakufoka. Aliketi juu ya rundo la matofali, akainua macho kwenye ghorofa aliyoijenga baada ya kuuza shamba la marehemu mumewe.

"Haiwezi kurekebishwa?"

"Ni kuivunja tu, mama," mhandisi alijibu. Akafunga daftari lake, akaondoka.

Mchanga ulikuwa bado unachuruzika kutoka kwenye tundu la nguzo. Shekue aliliziba kwa kiganja, akasimama hivyo hivyo. Bi Mwanakheri alimtazama, na hakumwambia autoe mkono.