Karunguyeye Aliyejikunja

Karunguyeye kijana alizunguka msituni msimu mzima akitafuta kazi, kisha akarudi shimoni, akajikunja kama mpira, na hakutoka tena. Jirani yake, mzee Kobe, alikuwa na maneno mengi.

"Shikamoo, babu," Karunguyeye alimwamkia kutoka ndani ya miiba yake.

Kobe hakuitikia. "Kijana mzima unalala mchana! Kazi zipo, ninyi hamtaki tu. Ngoja nikuonyeshe kazi inavyotafutwa."

Akajikokota hadi kwa Nyegere, aliyekuwa anataka mlinzi wa asali yake.

"Umezeeka," Nyegere alimwambia. "Nataka kijana."

Kobe akafurahi. "Ninaye! Ana nguvu, na miiba tele."

"Ana uzoefu? Nataka kijana aliyelinda asali miaka ishirini."

"Miaka ishirini?" Kobe alishangaa. "Karunguyeye gani anaishi miaka ishirini?"

"Hilo halinihusu," alisema Nyegere, akamwita anayefuata.

Karunguyeye aliposikia hatua za Kobe zikirudi, alijikunja zaidi, akisubiri kusemwa. Alipochungulia, aliona gamba limetulia pembeni yake, kichwa na miguu vimeingizwa ndani.

"Babu, umeipata?"

Sauti ikatoka ndani ya gamba.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Kobe. "Sogea kidogo. Huku nilipo kuna baridi."