Gia Iliyokataa Kuingia

Pedeli ya klachi ilizama hadi chini bila ubishi wowote. Fundi aliikanyaga mara tatu, mara nne, kisha akashuka kwenye lori na kufuta mikono ambayo ilikuwa bado haijachafuka.

"Unaweza kuiacha hii kazi," sajini alimwambia. "Mkaguzi wa serikali atafika wiki ijayo."

"Na dereva?"

"Atamsubiri huko huko ndani."

"Basi nisaidie jeki."

Lori lilikuwa limeegeshwa uani, nyuma ya kituo cha polisi, kioo cha mbele kikiwa kimepasuka upande mmoja. Lilikuwa la tani tatu, la kubebea saruji. Siku tatu nyuma liliporomoka kwenye mteremko wa sokoni, likamgonga mtu mmoja akafa pale pale, likaishia kwenye ukuta wa ghala. Breki zilikuwa zimeungua. Hilo kila mtu aliliona. Kilichobaki ni kujua kwa nini lilishuka bila gia. Wako madereva wanaotoa gia mteremkoni ili kubana mafuta. Kama huyu alifanya hivyo, jela ilikuwa inamwita. Na mjini hapo, ukitaka neno la uhakika kuhusu giaboksi, ulimwita mtu mmoja tu.

Dereva aliletwa na pingu zake, mtu wa makamo, mwembamba, shati limechomoka.

"Nieleze ulichohisi mguuni," fundi alisema. "Ulichofikiri kiache. Mguuni."

"Nilikuwa gia ya nne. Nikakanyaga klachi nirudi ya tatu. Ya nne ikatoka. Ya tatu ikakataa katakata, inakwaruza tu. Mguu ukawa kama unakanyaga sponji."

"Kabla ya hapo?"

"Asubuhi gia zilikuwa ngumu. Nikampigia bosi. Akasema nimalize kwanza safari ile."

"Halafu?"

"Halafu breki zikachoka. Nilipiga honi, Fundi. Nilipiga honi tangu juu mpaka chini. Yule mzee hakugeuka hata kidogo."

"Asingesikia," fundi alisema, akiwa ameshainama kukagua kopo la mafuta ya klachi.

Mafuta yalikuwa yamejaa. Hakuna kilichovuja. Alimwomba sajini apande akanyage pedeli, naye akalala chali chini ya lori na kutazama. Pampu ilisukuma vizuri, kila mara, bila kuchoka. Ugonjwa haukuwa nje. Ulikuwa ndani, mahali ambapo mtu hafiki bila kushusha giaboksi nzima.

Akaishusha. Ilimchukua saa nne. Bolti zilizoshikwa na kutu alizipiga nyundo taratibu, akazipanga chini kwa safu, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Chai aliyoletewa ilipoa mpaka ikafanya utando.

"Fundi, unatoka damu," sajini alisema.

Alikitazama kidole chake kama cha mtu mwingine. Akakifunga kwa kitambaa, akaendelea.

"Alikuwa anakwenda dukani au anarudi?" aliuliza baada ya muda, bila kuinua kichwa.

Dereva hakuelewa. "Nani?"

"Mzee."

"Anarudi. Alikuwa na mkate kwapani."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Sajini akageukia ukutani, akakohoa.

Giaboksi ilipokuwa chini, jibu lilikuwa wazi. Ule uma wa chuma unaosukuma klachi ili gia ziachiane ulikuwa vipande viwili. Fundi alichukua kipande kimoja, akakipeleka kwenye jua. Sehemu kubwa ya mpasuko ilikuwa ya kahawia. Ukingo mwembamba tu ndio uliong'aa.

"Penye kutu ni ufa wa miezi mingi," alisema. "Panapong'aa ndipo palipokatika siku ile. Huu ufa huuoni mpaka ushushe giaboksi. Na ukishakatika, uwe dereva wa namna gani, gia haiingii."

Sajini alimsogelea, akashusha sauti. "Una hakika? Ukisema una hakika, anatoka leo. Ukisema hujui, mimi nitaandika hujui. Hakuna atakayekulaumu."

Ilikuwa rahisi kusema hajui. Ni neno moja tu. Alijipekua moyoni akitafuta hasira, hakuiona. Akatafuta huruma, nayo haikuwepo. Kilichokuwepo ni chuma kilichovunjika, kimelala kiganjani, na uzito wake wa kawaida.

"Mfungueni," alisema. "Mkamtafute mwenye lori."

Mke wa dereva alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, mkoba umebanwa tumboni. Aliposikia habari alisimama, akamkimbilia fundi na kumshika mikono yote miwili pamoja na grisi yake.

"Umenirudishia mume wangu," alisema, machozi yakimtiririka. "Sijui nikushukuru vipi. Kweli sijui."

"Mpeleke nyumbani akalale," fundi alisema, na kusubiri mpaka mikono yake iachiwe.

Wawili hao walipoondoka, sajini aliweka karatasi mbili mezani, akampa kalamu. Ya kwanza ilikuwa ripoti ya lori, na fundi aliisaini haraka, kama anavyosaini ripoti zote. Ya pili ilisema amekabidhiwa saa moja ya mkononi, miwani moja na pete moja, mali ya marehemu. Na penye nafasi ya uhusiano akaandika, kwa herufi zilizonyooka: *mke*.