Glasi ya Sita

Barazani wapwa wangu walikuwa wanacheka mpaka mbavu zinawauma. Nilipotokea, kicheko kikakatika kama umeme. Mmoja akaficha sigara, mwingine akaniachia kiti. "Shikamoo, mjomba. Karibu ukae."

Nani akae, na wote wamesimama kama wanafunzi wangu?

Nikaingia ndani, walikokaa wazee watano wa ukoo. Baba mdogo hata hakuniangalia usoni.

"Afadhali umekuja, kijana. Tuletee maji, na ukitoka utufungie mlango. Tuna mazungumzo ya watu wazima."

Nina miaka arobaini na tisa. Ni mwalimu mkuu.

Jikoni nikapanga glasi tano kwenye sinia. Nikaongeza ya sita, nikaitazama. Kule barazani kicheko kilikuwa kimerudi.

Nikairudisha kabatini.