Mchuzi wa Bi Mwanahawa

Siku hizo kila jiko lilikuwa na taa iliyopima chungu. Chumvi au mafuta yakizidi, taa iligeuka nyekundu. Na ukiepua chungu ikiwa hivyo, nyumba yako ilinyimwa mgao wa mboga na maharage ya bei nafuu mwezi mzima. Zamda, mjane mwenye watoto wanne, hakuwahi kuepua chungu chekundu.

Mama yake, Bi Mwanahawa, alimwita kutoka kitandani alikokuwa akiugua. "Mwanangu, nitilie japo chembe ya chumvi. Chakula hiki chapwa hakinipiti kooni."

"Vumilia, mama. Wajukuu zako watakula nini?"

Mama akavumilia. Wiki ile ile akafariki.

Arobaini ilipopita, Zamda akapika mchuzi wa samaki kwa tui zito, akatia chumvi kama alivyofundishwa na mama. Taa ikawa nyekundu, asijali. Akadondosha mchuzi kiganjani, akaonja.

Akatema. Ulimi wake haukuujua tena mchuzi wa kwao.

Kisha akachota maji, akamimina kidogo kidogo mpaka taa ikarudi kijani, akawaita watoto kula.