Maharage ya Bi Mwanakombo

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama jikoni kwenye mkahawa mpya wa bintiye Asiya, akikoroga maharage ya nazi. Wageni wa ufunguzi walikuwa wameshakaa, na mlangoni Asiya alikuwa ametundika kibao: Nyama haiingii hapa. Mwenyewe alikuwa hajaigusa kwa miaka minane. Chakula cha kwanza kwenye orodha kilikuwa "Maharage ya Mama", maana hayo, alimwambia kila mtu, ndiyo yaliyompa nguvu ya kuiacha.

Asiya akaja na kijiko, akaonja. Akaonja tena.

"Mama, haya siyo ya nyumbani. Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu."

"Nazi ipo, chumvi ipo, hata uyoga mkavu nimekuletea. Sasa kimepungua nini?"

Bi Mwanakombo alifunika sufuria, akaifunua. Angeweza kuisingizia nazi. Lakini alipoinua uso alikuta macho yale yale yaliyokuwa yakimwamini tangu utotoni.

"Mfupa," alisema. "Kila siku nilikuwa natia mfupa wa ng'ombe, nautoa kabla hujafika mezani. Ulikuwa unakonda, mwanangu. Niliogopa utanifia."

Kule mbele mtu alicheka, na vijiko vikagongana. Asiya aliuchukua upawa mkononi mwa mama yake, akauzamisha hadi chini kabisa ya sufuria, akawa anakoroga polepole kama anayetafuta kitu, ingawa safari hii mle ndani mlikuwa na maharage tu.