Mlango na Faili

Joanitha, jirani wa upande wa chini, anadai alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Alikuwa anapita nyuma ya nyumba na ndoo kichwani, siku ile ile Ta Karugendo alipokata roho, na dirishani ikatoka sauti ya mzee: "Dativa, maji." Ikanyamaza. Ikasema tena. Na mzee mwenyewe, Joanitha anaapa, alikuwa amelala kama gogo, nzi anamtembea usoni wala hatikisiki.

"Roho ilikwishatoka," aliwaambia wanawake msibani. "Ilikuwa inazunguka chumbani inatafuta njia."

Dativa aliyasikia hayo akiwa anamenya ndizi. Hakubisha. Yeye ndiye aliyemuuguza baba yake, na alijua ile sauti inatoka wapi.

Ugonjwa wa koo ulikuwa ukila sauti ya mzee kidogo kidogo. Kabla haijaisha, Evarist, kaka yake Dativa, fundi wa redio kule Muleba, alimrekodi maneno machache. Kisha akatengeneza boksi dogo na kitufe cha kushika mkononi. Baba akibonyeza mara moja, boksi linasema kwa sauti yake, "Dativa, maji." Akibonyeza mara mbili, "Nigeuze." Kitufe kilikuwa laini mno. Evarist alisema hata kifaranga akikikanyaga kitaitika.

Halafu mzee akazama. Daktari alikuja hadi Nshambya, akamfunua macho, akasema hasikii wala hajitambui, wamwache apumzike.

Lakini boksi halikupumzika. "Dativa, maji." Dativa alikimbia na kikombe, akakuta macho yamefumba. Akarudi jikoni. "Dativa, maji." Mwisho alikaa kando ya kitanda akautazama ule mkono uliofumbata kitufe, akautazama kama mtu anayevizia panya. Boksi likasema. Mkono ulikuwa umetulia vile vile.

Akampigia kaka yake.

"Baba anabonyeza?" Evarist aliuliza.

"Nimeangalia mpaka macho yameuma. Vidole haviendi popote."

"Basi ni mimi nimekosea." Alicheka kidogo, kwa uchovu. "Sikiliza. Ile programu niliyoandika inafungua vitu viwili. Namba moja ni mlango, ndio unaosikiliza kitufe. Namba mbili ni faili, inatunza kila alichowahi kubonyeza. Nitakuwa nimechanganya namba. Badala ya kusoma mlangoni, linasoma kwenye faili. Linarudia ya zamani."

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye. Utajiua bure kwa kukimbia. Lifunike, nikija nitalitengeneza."

Dativa alilifunika kwa kitenge, na juu ya kitenge akaweka mto. Asubuhi na jioni alimlowesha baba midomo kwa pamba. Katikati ya hapo boksi likiita, yeye aliendelea kufua. Ilifika mahali akawa analijibu kutoka uani, "Nimekusikia, mzee wa faili," na kucheka peke yake.

Sasa mzee alikuwa amelala kibanjani, chini ya migomba yake, na nyasi za msiba zilikuwa bado zimetandazwa sebuleni. Maneno ya Joanitha yalikuwa yameenea. Shangazi walikataa kulala chumba kile. Watu walianza kuzunguka njia ya mbali kwenda kisimani.

"Liwashe hapa hapa, mbele ya Ma Joanitha," Dativa alimwambia kaka yake alipofika. "Lirudie ya zamani, asikie. Uvumi uishe."

Evarist aliliweka boksi juu ya kigoda. Kitufe hakikuwepo tena. Wanawake waliomwosha mzee walishindwa kumfumbua vidole, wakakata waya, akazikwa nacho.

"Hakina maana," Evarist alisema. "Kama ni faili, litasema hata bila kitufe."

Akawasha. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Likisema, mimi napita dirishani," Joanitha alisema.

"Dirisha hili, Ma Joanitha? Itabidi tuite vijana wa kukusukuma," Evarist alimtania.

Walicheka, hata Dativa. Wakangoja. Mvua ilipiga bati, ikapungua, ikakoma. Joanitha alimaliza kahawa yake.

"Lilikuwa halikawii," Dativa alisema.

Akasogeza kiti. Akalitazama kwa subira, kama alivyozoea kutazama kila kitu.

"Si niliwaambia?" Joanitha alisema. "Amekwishaondoka, waitu, ndugu zangu. Litamsemea nani tena?"

Evarist alifungua laptop, akaunganisha waya, mistari ya programu ikapanda kwenye kioo. Aliifuata kwa kidole mpaka chini. Akarudi juu, akaanza upya, polepole zaidi. Kidole kikasimama.

"Umeliona kosa?" Dativa aliuliza.

Kaka yake hakuinua macho.

"Mlango, namba moja," alisoma. "Faili, namba mbili." Akashusha kidole. "Linasoma namba moja."

"Maana yake?"

"Kwenye faili linaandika tu, Dativa. Sikuweka hata mstari mmoja wa kuisoma."

Joanitha aliuliza kama kahawa ipo bado. Dativa aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye nyasi, akalishika boksi kwa mikono miwili na kulisogezea mdomo karibu.

"Sema," aliliomba. "Nakuomba, sema maji."